Mashua Isiyo na Mpinzani

Kwa miaka minne nilikuwa na mashua ya kasi kuliko zote pale klabuni kwetu, na kwa miaka hiyo yote sidhani kama nilipata mashindano kumi ya kweli. Ilikuwa mashua ya rimoti ya daraja la Marblehead. Mlingoti wake ulinipita kimo, mkuku wake, lile pezi la chini ya mashua, ulikuwa mwembamba kama upanga na ulizama zaidi ya nusu mita, na upepo wa kutikisa majani tu uliitosha kuondoka. Niliipenda na bado naipenda. Lakini klabu nzima ilikuwa na Marblehead tatu, na mwenye mojawapo alikuwa hajaiteremsha majini tangu mlingoti uvunjike. Nilibaki na mwenzangu mmoja. Akiumwa au akisafiri, mimi nazunguka maboya peke yangu, huku upande wa pili wa ziwa watu kumi na wanne wanabanana kwenye boya moja na vimashua vya sentimita 65, wakiitana namba kwa sauti.

Ndiyo maana mgeni akija ukingoni na kuniuliza anunue mashua gani, siku hizi simjibu habari ya kasi. Namwambia asimame hapo hadi jioni, ahesabu ni mashua za daraja gani zinazotoka kwa wingi, kisha anunue hiyo. Wengi hawaridhiki na jibu hilo. Hata mimi nisingeridhika wakati ule.

Neno daraja huwapotosha watu. Wanadhani ni cheo, kwamba ukifuzu mashua ndogo unapanda kwenda kubwa. Sivyo. Daraja ni makubaliano tu: sisi sote tutaunda au kununua mashua zinazotii kanuni hii, ili anayetangulia tujue ametangulia kwa nini. Madaraja yanatofautiana hapo hapo. Kanuni moja inakuachia uchague karibu kila kitu, nyingine inakuachia vitu viwili vitatu, nyingine haikuachii chochote ila vidole vyako na macho yako.

Kanuni kongwe kuliko zote ninazozijua zinazotumika hadi leo ni ya daraja la 10 Rater. Imetokana na hesabu iliyowekwa Uingereza mwaka 1887 kwa ajili ya mashua kubwa za watu: chukua urefu wa mstari wa maji, yaani urefu wa mashua pale inapogusa maji, zidisha kwa eneo la matanga, gawa kwa 6000, na jibu lisizidi 10. Kwenye mashua kubwa walipima kwa futi, sisi tunapima kwa inchi. Basi ukitaka mstari wa maji wa inchi 50, unaruhusiwa inchi mraba 1200 za matanga. Ukirefusha mashua hadi inchi 60, matanga yanashuka hadi 1000. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima na penseli juu ya hesabu hiyo moja, maana ndani yake kuna swali lisilo na jibu la kudumu: maji unayoshindania yana upepo kiasi gani? Mwenye upepo mwingi hurefusha bodi, yaani mwili wa mashua, mwenye upepo haba hupunguza urefu apate tanga. Siku moja wa kwanza anashinda, siku ya pili wa pili. A Class, iliyozaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920, nayo ni ya hesabu, na uzito umo ndani ya hesabu hiyo. Mashua zake ni ndefu karibu mita mbili na ni nzito. Nimeona watu wawili wakiingia majini hadi mapajani kuiteremsha moja, kila mmoja ameshika upande wake, kimya kabisa.

Hizo zote zilizaliwa kabla ya rimoti. Nahodha alitega matanga na usukani ukingoni, akaachia, kisha akatembea haraka kufuata mashua yake hadi ng'ambo akiwa na fimbo ya kuigeuzia. Baadaye kikaja kibawa kidogo cha kufungwa upande wa tezi, yaani nyuma, kinachofuata upepo na kuvuta usukani chenyewe, hivyo mashua ikajishikia njia yake. Marblehead ni mtoto wa enzi hiyo. Roy Clough, wa mji wa Marblehead huko Massachusetts, aliiwekea kanuni fupi mwanzoni mwa miaka ya 1930: urefu inchi 50, matanga inchi mraba 800. Uzito hakuugusa.

Ufupi huo ndio uliolijenga daraja hili, na ndio uliolipunguzia watu. Kwa kuwa uzito haukufungwa, kila kizazi cha waundaji kimeupunguza. Mashua za mwanzo zilizidi kilo 8. Za sasa ni kaboni tupu, na nyingi hazifiki kilo 5 pamoja na madini ya risasi ya mkukuni. Matanga nayo yamepata mtindo wake: tanga kuu na tanga la mbele hukaa kwenye mti mmoja wa chini unaozunguka pamoja na mlingoti, hivyo upepo ukitoka tezi vyote viwili hufunguka kama mlango na kujaa sawasawa. Kuiona Marblehead ikiteremka na upepo hivyo ni jambo ambalo sijachoka nalo. Lakini mimi nilikuwa na seti tano za mlingoti na matanga kwa mashua moja, sanduku lake lilikuwa refu kuliko mashua yenyewe, na kila seti ilikuwa na tabia yake ya kujifunza upya. Mgeni akiona hayo yote yakishushwa garini, hupiga hatua nyuma.

Daraja linaloubeba mchezo huu duniani leo ni IOM, mashua ya kimataifa ya mita moja, lililoanza mwaka 1988. Nilipoisoma kanuni yake mara ya kwanza, kwa jicho la mtu wa Marblehead, niliona kifungo. Bodi isizidi milimita 1000. Mashua isipungue gramu 4000. Isizame zaidi ya milimita 420. Mkuku pamoja na farumi yake, ile risasi nzito ya chini, uwe kati ya gramu 2200 na 2500. Seti ni tatu tu, A, B na C, na vipimo vya matanga ni vile vile kwa kila mtu: makali ya mbele ya tanga kuu ni milimita 1600 kwa A, 1180 kwa B, 880 kwa C. Kaboni hairuhusiwi kwenye bodi wala kwenye mlingoti. Mlingoti ni alumini au mbao.

Ilinichukua muda kuona kwamba walioandika kanuni hii walijua fedha hupitia mlango gani, wakaufunga mlango huo na kuacha dirisha wazi. Gramu 4000 ni sakafu. Aliyenunua bodi nyepesi kuliko zote atalazimika kuiongezea uzito hadi ifike hapo, na hivyo aliyeunda ya mbao mezani kwake kwa mikono yake hajaachwa nyuma kabla ya kuanza. Wakati huo huo umbo la bodi limeachwa huru kwa sehemu kubwa. Hapo ndipo mabingwa wa uchoraji wanapokutana. Britpop ya Brad Gibson na Kantun ya Zvonko Jelačić ni mashua mbili ambazo kila mtu wa IOM anazijua kwa umbo kabla hajaona jina, na bado watu wanabishana usiku kucha: bodi nyembamba inayopita majini bila kelele upepo ukiwa mdogo, au pana kidogo inayosimama imara upepo ukija? Mkuku na usukani pia vinaruhusiwa kuwa vya kaboni, na hilo ni sawa, maana mkuku unaopinda chini ya kilo mbili na ushee za farumi huharibu mashua nzuri.

Yangu niliiunda mwenyewe kwa vipande vya mbao nyembamba, kimoja kando ya kingine juu ya mataruma, yaani mbavu za mashua, kisha epoksi ndani na nje. Miezi saba. Ilipopanda kwenye mizani ikiwa na kila kitu ilisoma gramu 4130. Gramu 130 za ziada, nyingi zikiwa epoksi niliyoipaka kwa woga wa maji. Mpimaji wa daraja aliiandika, akatia saini, akanipa cheti, na tangu siku hiyo ina namba yake. Mashua isiyo na cheti haiingii mashindano makubwa, na nadhani ni haki. Kanuni isiyopimwa ni nia njema tu.

Nieleze kidogo kuhusu hiyo farumi, maana watu huniuliza kwa nini zaidi ya nusu ya uzito wa mashua ni risasi iliyoning'inia chini. Ukiipunguza mashua kubwa mara kumi kwa kila kipimo, nguvu ya upepo inayotaka kuilaza hupungua mara mia, na kwa kuwa tanga limeshuka chini mara kumi, uwezo wa kuilaza kwa jumla hupungua mara elfu. Lakini uzito wa mashua hupungua mara elfu, na mkono wa kuisimamisha hupungua mara kumi, kwa hiyo uwezo wa kusimama umepungua mara elfu kumi. Mashua ndogo iliyonakiliwa sawasawa na kubwa italala chali kwa upepo ambao nahodha wa ile kubwa angeuita wa kupunga jasho. Dawa ni kuishusha risasi mbali chini, kwa mkuku mrefu mwembamba ambao kwenye mashua ya watu ungeonekana wa ajabu. Dawa ya pili ni kubadili seti mapema. Wanaoanza wengi hushikilia seti A hadi omo, pua ya mashua, inapoanza kupiga mbizi wakiteremka na upepo, usukani ukabaki hewani, na mashua ikasimama kichwa chini. Anayehamia B dakika kumi kabla ya wenzake, siku kama hiyo, kwa kawaida ndiye anayeongoza.

Kasi nayo imefungwa na urefu. Bodi inayosukuma maji, isiyoteleza juu yake, hukwama kwenye wimbi lake yenyewe, na kwa bodi ya mita moja kikwazo hicho kiko karibu na kilomita nne na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Kwa sentimita 65 ni kilomita tatu na nusu hivi. Ukisimama peke yako ukingoni utasema ni polepole. Ukiwa na wenzako kumi na tano mnaelekea boya moja kwa pembe tofauti, utatamani iwe polepole zaidi.

Hizo za sentimita 65 zina koo mbili. RG65 ni ya mipaka michache tu: urefu usizidi milimita 650, matanga yasizidi sentimita mraba 2250, mengine karibu yote ni juu yako. Ni daraja zuri kwa mtu anayependa kuunda, kwa sababu kosa ni dogo na linatupwa bila majonzi. DragonForce 65 ni kinyume chake. Imetoka kiwandani kwa kampuni ya Joysway ikiwa kamili, na kanuni yake inakukataza kubadili karibu kila kitu cha maana. Ndugu yake mkubwa, DF95, ana urefu wa milimita 950 na hutulia zaidi upepo ukiwa mkali. Nilizidharau mashua hizi kwa muda mrefu, nilizihesabu vitu vya kuchezea, na nasema wazi kwamba nilikosea. Mashua zote zikiwa sawa, hakuna pa kujificha. Aliye mbele yako ameona upepo ambao wewe hukuuona. Kuna hata Footy, ya inchi 12 tu, ambayo lazima itoshee kwenye sanduku la kanuni. Nimewahi kuishika mkononi, sijawahi kushindana nayo.

Rimoti ya mashua ina kazi mbili tu, usukani na demani, yaani kamba za matanga. Kijiti kimoja kinageuza shikio, kingine kinazungusha winchi au mkono wa sevo, mota ndogo, unaovuta na kulegeza kamba za matanga yote mawili kwa pamoja. Zamani kila rimoti ilikuwa na kristali yake, kipande cha kuchagua masafa, kwenye masafa ya megahezi 27 au 40, na wawili wenye kristali moja hawakuweza kuwa majini pamoja. Siku moja mwenzetu aliwasha rimoti yake ukingoni ili ajaribu betri tu, na mashua yangu, iliyokuwa ya pili kuelekea mstari wa kumalizia, ikalegeza matanga na kwenda zake kwenye matete. Gigahezi 2.4 imetuondolea tatizo hilo kabisa, na vijana wanaoanza sasa hawajui walichoepushwa.

Linalobaki gumu ni macho. Nahodha wa mashua ya kweli amekaa ndani yake. Wewe umesimama mita sitini mbali, na mashua mbili zikikutana huko huwezi kusema kwa uhakika ipi itapita mbele ya nyingine. Mashua ikija kuelekea kwako, kulia na kushoto vimebadilishana. Nilichofundishwa ni kugeuza mwili wote uelekee inakoelekea mashua, kisha kutazama juu ya bega, hadi mikono ijifunze. Kanuni za mbio zina sehemu yake maalumu kwa ajili yetu, na ukiisoma utaona imeandikwa na watu waliowahi kusimama ukingoni. Eneo la kuzunguka boya limepanuliwa hadi urefu wa mashua nne, kwa kuwa huwezi kupima urefu wa tatu wa kawaida kwa jicho kutoka mbali. Ukikosea hulipi mizunguko miwili, unalipa mmoja: bisha mara moja, yaani geuza omo ipite kwenye upepo, pindua kwa damalini mara moja, yaani geuza tezi ipite kwenye upepo, endelea. Na lazima uite namba. Huiti jina la mtu, unaita namba iliyo kwenye tanga, zile tarakimu mbili za mwisho za cheti.

"Tatu, saba, upepo wa kulia!"

Maana yake: mimi napokea upepo upande wa kulia, nina haki, nipishe. Anayesikia hana nafasi ya kusema hakujua. Kwenye kundi kubwa sauti hizo hazikatiki, na mgeni anayepita hudhani tunagombana. Mashindano yenye mashua nyingi mno kwa mstari mmoja hugawanywa makundi, na wanaomaliza wanne wa juu katika kundi la chini hupanda papo hapo kucheza tena na kundi la juu, huku wa mwisho wakishuka. Unaweza kuanza asubuhi ukiwa chini kabisa na adhuhuri ukawa unagombea boya na bingwa.

Hayo ndiyo niliyoyakosa kwa miaka minne. Klabu yetu ilikuwa na wanachama thelathini na mmoja na madaraja sita kwenye ratiba, na hesabu hiyo ilikuwa inatuua taratibu. Kila daraja lilikuwa na saa yake. Watu walikuja, wakakuta wenzao wawili, wakazunguka kidogo, wakaondoka mapema. Mkutano wa mwaka ulipoitishwa, kulikuwa na hoja moja tu nzito: ratiba ibaki na IOM na DragonForce 65, mengine yatoke.

Nilikaa na hoja hiyo wiki mbili. Wakati huo IOM yangu ya mbao ilikuwa bado haijapakwa rangi, na Marblehead ilikuwa mlingotini tayari. Nilijua nikinyoosha mkono naiondoa mashua yangu bora kwenye mashindano. Mwenzangu wa Marblehead alikuwa amekaa safu ya mbele yangu, na nilipoona mkono wake umepanda, nami nikanyoosha wangu. Haikuwa rahisi, na sitaki kusema ilikuwa rahisi. Mzee mwenye A Class ndiye aliyepinga peke yake. Aliposimama hakuna aliyemkatiza. "Wanangu, sitawazuia," alisema. "Nipeni saa moja tu kila mwezi niiteremshe. Mbao ikikaa muda mrefu bila maji inafunguka." Tulimpa, na wawili wetu tukajiandikisha kumsaidia kuibeba.

Msimu uliofuata nilimaliza wa kumi na moja kati ya kumi na tisa kwa IOM. Nilijifunza kubadili seti mapema, nilijifunza kuanza mbio bila kubanwa kwenye boya la kuanzia, na nilijifunza kufungua kizibo na kumwaga maji ya ngamani, chini tumboni mwa mashua, baada ya kila raundi tatu, maana epoksi yote ile haikuzuia tundu dogo pale kamba ya demani inapotokea sitahani. Wahenga walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mashua ya kilo nne yenye betri na sevo tumboni, ngama ndiko pa kuangalia kwanza. Siku niliyomaliza wa tatu kwa mara ya kwanza, mashua ya nne ilikuwa nusu urefu nyuma yangu na ya pili nusu urefu mbele. Mikono ilinitetemeka kiasi kwamba sikuweza kufunga sanduku la rimoti.

Jioni moja mbio zilipokwisha, maji yalikuwa karibu shwari, upepo wa maleleji, unakuja kutoka huku, unakufa, unazuka kule. IOM zote zilikuwa zimefungwa. Mwenzangu alifungua gari akatoa Marblehead yake na seti kubwa kuliko zote. Hakusema neno. Nikaenda kuchukua yangu. Tulikubaliana maboya mawili, mizunguko miwili, hakuna saa wala mwandishi. Pale wenzetu wasingeweza kusogea, sisi tulikuwa tunateleza, matanga yamesimama wima juu ya maji kama milango miwili myeupe. Tulipokaribia boya la pili njia zetu zilikuwa zinakutana, na yeye alikuwa na upepo wa kulia. Tulikuwa wawili tu ziwa zima, tumesimama bega kwa bega, na bado aliniita kwa namba.